Mtu Aliyekwenda Baharini na Kivuli Chake

Shangazi yangu alikuwa na kikombe cha bati chenye ua la buluu, na sahani moja ya bati pia, na popote alipokwenda, arusini, matangani, hata kumtazama mzazi nyumba ya tatu, alivifunga kwenye pindo la leso akaja navyo. Akifika huvitoa, huviweka mbele yake, hungoja apakuliwe. Na wewe mwenye nyumba, uliyesugua masinia yako kwa mchanga tangu alfajiri, ukimwona mgeni anatoa sahani yake, moyo wako unakuwaje? Sisi ni watu wa kando ya mto, watu wa ndizi na mahindi, na mtu asiyekula katika sinia la wenzake tunamtazama mara mbili. Kwanza walisema anaogopa kulishwa kitu. Baadaye wakaigeuza, wakasema yeye ndiye mwenye kitu. Mwisho wakaacha kumwalika. Alipokufa, wanawake waliomwosha walikichungulia kile kikombe mpaka chini, wakakinusa, wakakipitisha mkono kwa mkono. Kilikuwa kikombe tu. Hakuna aliyewahi kumwuliza, na mimi nilikuwa mtoto, nilimtazama kama wakubwa walivyomtazama, kwa pembe ya jicho.

Hilo la shangazi ni la zamani, kabla sijajua kushika sindano, wala halihusiani na Garissa. Lakini nikianza tu kumfikiria yule bwana wa mto, shangazi hutangulia. Basi nimempisha apite.

Garissa nililetwa na cherehani. Shuleni nilifika darasa la pili. La tatu nililiona kwa dirishani nikipita na mbuzi. Nikajifunza kushona kwa fundi mmoja wa mjini, na alipohama nikabaki na baraza yake, inayotazama njia ya kuteremkia mtoni. Nilishona kanzu, vikoi, suruali za makarani, na magwanda ya askari yaliyochanika. Fundi huona mwili wa kila mtu: huyu kakonda, huyu bega moja limeshuka, huyu mfuko wake wa ndani una kitu. Na wakati ule kuona ilikuwa kazi mbaya.

Ulikuwa wakati wa vita vya shifta. Waliozaliwa baadaye wanasikia jina tu. Wengi wa watu wa huku walitaka kwenda na wenzao wa Somalia, serikali mpya ikasema nchi haikatwi, na baada ya hapo ikawa bunduki msituni na bunduki mjini. Huwezi kutoka bila pasi. Lori halitembei peke yake, yanakwenda kwa msafara, askari mbele askari nyuma. Ukimwona mtu ana betri ya tochi unajiuliza ya nini. Ukimwona hana tochi unajiuliza anaonaje njia. Msomali alimtazama Msomali mwenzake akajiuliza huyu wa nani, na mimi nisiye Msomali, wote walijiuliza nilikuwa wa nani. Nami nilijiuliza juu yao wote. Nasema ukweli, sina sababu ya kujipamba, nimezeeka.

Huyu bwana alikuwa mtu wa hapo hapo, Msomali wa mjini, mfanyakazi wa serikali. Kazi yake ilikuwa moja. Katika mto Tana kulikuwa na nguzo iliyosimikwa majini, yenye namba kutoka chini kwenda juu, na kila asubuhi na kila jioni aliteremka na daftari, akatazama maji yamefika namba gani, akaandika, akapanda. Tulimwita Mpima Mto, na mbele yake, Karani. Jina lake nalijua na sitalitia hapa. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, huko Garissa ndilo swali la kwanza, lakini mimi si Msomali, halinihusu.

Alikuwa mrefu, mkavu, ndevu zake zimepakwa hina mpaka zikawa kama kutu. Alitembea kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Na hakuwahi kuazima. Nitaanza na hilo kwa maana ndilo lililomponza. Kalamu yake, kamba yake, kikombe chake. Kwa Habo, mwanamke aliyeuza chai na maziwa ya ngamia kando ya baraza yangu (Habo kwa Kisomali ni mama mdogo, nasi wote tulimwita hivyo, hata waliomzidi umri), kwa Habo kulikuwa na vikombe tele, lakini Mpima Mto alikuja na chake. Mimi nikakiona kile kikombe nikasema moyoni, hawa watu nawajua.

Kuazima hakuazimi, na kuazimwa hapendi. Mzee mmoja wa msikiti alimwomba kigoda chake akalie dakika mbili, kungoja kinyozi. Mpima Mto akamjibu kwa adabu kabisa, kama Msomali anavyomwita baba yake mdogo, "Adeer, nitakuletea kingine." Akaenda nyumbani, mbali, kwenye jua, akaleta kigoda kingine. Chake hakukitoa. Watu wakacheka wiki nzima. Lakini mwaka mto ulipofurika ukala vibanda vya chini, ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba siku mbili kabla, akiwaambia watu wahame, na waliokosa mahali aliwatia uani kwake, familia nne, hawakulipa hata kijiti cha kuni. Sasa mtu wa namna hiyo utamweka kapu gani? Kigoda anakunyima, ua anakupa.

Alikuwa na semi zake. Alisema, "Maji hayana haraka, wenye haraka ni waliokaa kando." Alisema, "Kivuli cha kuombwa huhama na jua." Hiyo ya pili aliirudia mno, mpaka Habo akawa anaimaliza yeye kabla hajafika nusu.

Na alikuwa na likizo. Nadhani alikuwa mtu pekee tuliyemjua mwenye likizo. Sisi wengine tulikuwa tunaugua au tunasafiri, likizo hatukuwa nayo. Yeye mara moja kwa mwaka, baada ya mvua za masika, alipata mwezi mzima, na mwezi huo alikwenda baharini. "Nakwenda bwani," alisema, kwa b, kama wasemavyo watu wa huku. Ukimwuliza wapi, mwaka mmoja ni Malindi, mwaka mwingine ni Kipini, mwingine anasema itategemea lori. Mimi bahari nilikuwa sijaiona, na mpaka leo nimeiona mara moja tu, nayo ilikuwa usiku ndani ya basi, kwa hiyo hesabu kwamba sijaiona.

Alivyokwenda, ndiyo maajabu. Watu huenda safari na kifurushi cha nguo. Mpima Mto alikwenda na ufuo mzima, kasoro maji tu. Mwavuli mkubwa, wa mtu wa kukaa chini si wa mtu wa kutembea. Kiti cha kukunja. Mkeka wa miaa alioufunga na vijiti vya kupinda, vile vile Wasomali wanavyofungia nyumba zao wakihamisha ngamia. Taulo mbili. Chupa ya chai. Dumu la maji ya kunywa. Kaptura ya kuogelea niliyomshonea mimi, ya kaki, ndefu hadi magotini, yenye kamba. Na mpira wa ndani wa gurudumu la lori, wenye viraka saba, kwa kuwa huyu aliyepima mto miaka yote hakujua kuogelea. Mtoni aliingia maji ya kiuno tu, tena ameshika nguzo.

Mzigo huo alikuwa akiupanga barazani kwangu asubuhi ya safari, kitu kwa kitu, akingoja lori. Watu walisimama kutazama. Habo alimwambia mara moja mbele yetu, "Wewe, huko bwani hakuna mti hata mmoja? Wamekufa wote, unakwenda kuwafungulia duka?" Akajibu, "Miti ipo, Habo. Ina wenyewe." Akaendelea kufunga kamba.

Kabla ya vita tulicheka. Vita vilipoingia, kicheko kikaisha, yakabaki macho. Mimi nilianza kuhesabu. Mtu ana pasi kila mwaka wakati wengine wanakataliwa hata kwenda kuzika, nani anampa? Anakwenda mwezi mzima, anarudi hajaleta hata samaki mkavu. Alikwenda kufanya nini? Anaujua mto kina chake kila siku, wapi unavukika na wapi hauvukiki, na ana mpira wa kuelea. Ukiyaweka pamoja, yanakaa pamoja. Ubaya wa shaka ni huo, kila kitu kinamkaa kama nguo iliyopimwa.

Kisha ikaja siku ya uwanja.

Asubuhi moja askari walizunguka mji, wakatutoa nyumbani wanaume na wanawake, wakatukalisha uwanjani pasipo na mti, wakawa wanatupitisha mmoja mmoja mbele ya gari ambalo ndani yake alikaa mtu aliyefunikwa uso, anayetikisa kichwa. Akikutikisia unapelekwa upande wa pili. Jua la Garissa silielezi. Watoto walilia mpaka wakachoka. Na katikati yetu sote, Mpima Mto alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, chini ya mwavuli wake, chupa ya chai miguuni.

Alikuwa amekuja navyo. Sisi tulitolewa wengine bila viatu, yeye alitolewa na vyombo vya likizo, kamba zimeshafungwa. Nilisikia nyuma yangu mtu akisema kwa sauti ya chini, "Alijua." Neno likapita kichwa kwa kichwa. Alijua, alijua. Na mimi nikalipitisha.

Kabla ya adhuhuri aliinuka. Alitoka chini ya mwavuli, akaenda hatua kumi hivi, akakaa mchangani juani kama sisi, akajifunika kichwa kwa taulo. Kiti kikabaki kitupu, mwavuli umesimama, kivuli cheusi kizuri, na karibu nacho wamekaa wazee na mwanamke mja mzito. Hakuna aliyekwenda. Sajini mmoja alimwambia yule mwanamke, nenda basi mama, mwanamke akakataa kwa kichwa. Nani angekaa katika kivuli kile? Nani alijua mwavuli ule kapewa na nani? Kile kivuli kilizunguka nguzo yake mchana kutwa hakina mtu, na mamia tunaungua.

Jioni walipotuachia, vijana waliukanyaga ule mwavuli ukavunjika mbavu zote. Mpima Mto alisimama akatazama mpaka walipomaliza, akaokota mti wa mwavuli, akaenda mtoni kupima maji, maana saa yake ilikuwa imepita.

Haikupita muda akaja barazani kwangu na turubai. Turubai la kijani lililopauka, zito, la kitu gani sijui, labda lori, labda hema. Hakusema alilipata wapi. Kijani wakati ule ilikuwa rangi ya jeshi, na fundi akikutwa na kitambaa cha jeshi anaweza kufungiwa, au zaidi. Akalitandaza chini, akachora kwa chaki, akasema anataka mwavuli wa kukaa, duara, wa kutundika juu ya vijiti vya kupinda. Nikasema sawa. Halafu akasema, "Na pembeni, kuzunguka pindo lote, nitilie mifuko. Minane. Mirefu kama mkono, yenye kifuniko na kamba ya kufungia."

Nilishika chaki. Mwavuli wenye mifuko. Mwavuli wa nani una mifuko?

Nilikuwa na nafasi pale ya kuuliza swali la maneno mawili. Ya nini? Sikuuliza. Ukiuliza ukajibiwa, umeshajua, na kujua ndiko kulikokuwa kukiwapeleka watu upande wa pili wa uwanja. Nikafikiri: kama ni mtu wa msituni, nikikataa kushona watanijia. Kama ni mtu wa serikali, nikikataa ataandika. Nikashona. Nilishona siku mbili, kwa uzi wa nta, mshono mara mbili, na kila mfuko nilioumaliza niliupima kwa vidole nikajua vizuri kabisa ni risasi ngapi zinaingia, ingawa risasi sijawahi kuzishika. Kazi ilikuwa nzuri. Nayasema haya kwa kuwa ni kweli: niliiona ni kazi nzuri.

Akaja akaichukua, akavuta mishono, akafurahi. Akaniambia, "Mkono wako mzuri, fundi. Huu hautaondoka." Neno hilo nalo likanikaa: hautaondoka kwenda wapi?

Siku ya tatu yake, yule sajini wa uwanjani, mtu wa bara, mpole wa sura, alikuja kupunguziwa suruali. Alisimama juu ya sanduku, mimi nimepiga magoti na pini mdomoni. Hakuniuliza kitu. Ningependa kusema alinibana, alinitisha, wapo waliobanwa kweli kweli wakavunjwa vidole. Mimi sikubanwa. Yeye alikuwa akizungumza habari za mahindi ya kwao. Mimi nikatoa pini mdomoni nikasema, "Afande, kuna mtu kanishonesha turubai la kijani lenye mifuko minane, na mpira wa kuvukia mto anao."

Akasema, "Malizia huo mguu wa kushoto."

Likizo ya Mpima Mto ikafika wiki ile. Pasi yake ilikuwa imetiwa muhuri, lori limepangwa. Wakamwacha apakie, wakamwacha apande, wakamteremsha kwenye kizuizi cha kutokea mjini. Mimi nikafuatwa na askari: unaitwa ukatambue mshono.

Nilipofika, vitu vilikuwa vimetandazwa barabarani. Mkeka, taulo, chupa ya chai imemwagwa, kaptura imegeuzwa nje ndani. Mpira wa lori wameupasua kwa kisu kuona kuna nini. Yeye amesimama mikono nyuma. Alinitazama, akatazama turubai, akanitazama.

Sajini akasema, "Fundi, huu mshono ni wako?"

"Ni wangu, afande."

"Mifuko hii alikuambia ni ya nini?"

"Hakuniambia."

Ilikuwa kweli. Sikuwahi kusema ukweli uliokaa vibaya kama ule.

Sajini akamgeukia. Mpima Mto akasema, "Niache nikuonyeshe." Akaruhusiwa. Akakunjua vijiti, akavisimika kwenye mchanga wa kando ya barabara, akavipinda, akatundika turubai. Kisha akapiga magoti, akafungua mfuko wa kwanza, akaujaza mchanga kwa viganja, akafunga kamba. Wa pili. Wa tatu. Mfuko kwa mfuko, hana haraka, mpaka minane, ikaning'inia pande zote mizito kama chuchu za ng'ombe. Akatandika mkeka, akafungua kiti, akakaa.

"Upepo wa baharini unachukua mwavuli," akasema. "Mchanga unaushika."

Askari mmoja akaanza kucheka, wa pili akafuata, hata sajini mdomo ulimcheza. Nami nikashika gari. Mifuko ya mchanga. Mtoto wa Malindi wa miaka mitano angelijua hilo. Kwetu mtoni hakuna upepo wa kuchukua kitu, hata majani ya ndizi hulala. Kwamba mahali fulani duniani kivuli kinahitaji kufungwa kisiruke, hilo halikuwahi kunipitia kichwani.

Wakasema, haya, tuone upepo. Tukangoja. Hapakuwa na upepo. Siku ile Garissa jani halikutikisika. Turubai lilisimama kimya, na yeye chini yake kimya, mikono magotini, na mimi nikiomba Mungu alete walau kimbunga kidogo cha vumbi, vile vya kila siku vinavyotia mchanga kwenye uji. Hakikuja.

Kilichokuja ni gari la ofisa. Akateremka, akaona kizuizini kwake raia amekaa kitini chini ya turubai la kijani na askari wanacheka. Yeye hakucheka. Aliuliza turubai limetoka wapi. Mpima Mto akasema limeokotwa mtoni, limeletwa na maji. Ofisa akasema, na bunduki pia huletwa na maji? Wakalipasua kwa bayoneti upande mmoja, mchanga ukamwagika, wakamtia garini. Pasi ilichanwa pale pale. Wakati wa kupanda aliomba kitu kimoja: mtu aende jioni akasome nguzo.

Nilirudi barazani nikamkuta Habo amekaa, hata chai hajaweka. Nikamweleza yote isipokuwa langu. Nikasema, kumbe ilikuwa ya mchanga, nani angejua.

"Mimi nilijua," akasema Habo, ambaye akipandwa na hasira v yake hugeuka f, na p hugeuka b. "Aliniambia. Mwaka wa juzi upepo ulimtupia mwafuli kwa mtoto wa watu, karibu amtoe jicho. Akaambiwa atafute uzito."

Nikamwuliza, na lile la kubeba kila kitu? Akaniambia kama anavyoniambia bei ya maziwa. Kwamba zamani, enzi za Wazungu, Mpima Mto alikwenda baharini mara ya kwanza mikono mitupu. Akaona viti vimepangwa chini ya vivuli vya makuti, vitupu, akakaa kimoja. Mlinzi akaja akamwinua kwa kumshika sikio, mbele ya watu waliokuwa wakila. Mpima Mto akasema moyoni, bahari haina kosa. Mwaka uliofuata akaja na kiti chake.

"Na siku ya uwanja?" nikasema. "Alijuaje?"

"Si alikuwa mtoni alfajiri? Aliona lori la askari linajaza maji mapipa sita, si mawili. Akasema leo wanakusudia kukaa juani mchana kutwa. Akabita hapa akaniambia nifae fiatu. Sikufaa?" Akanyoosha mguu kunikumbusha. Ni kweli, siku ile Habo alikuwa na viatu. Kisha akanitazama sana. "Fundi, ulikuwa huwezi kuuliza? Mimi nimekaa hapa, hatua tatu. Wewe macho yako yanashona watu."

Sikumwambia langu. Sijui kama alikuwa analijua.

Walimweka miezi saba. Kwanza kwenye boma la mjini, halafu mahali pengine, sikuambiwa wapi. Aliyewekwa kusoma nguzo mahali pake alikuwa akiandika namba akiwa kitandani, mto ukapanda siku moja ukachukua mbuzi wa watu na pampu ya serikali. Nafikiri hiyo pampu ndiyo iliyomtoa. Akarudishwa kazini. Alirudi amekonda, mkono wa kulia hafungi vidole vyote, hina imeisha ndevuni. Daftari akawa anaandikia mkono wa kushoto. Likizo akaandikiwa kwamba haina pasi. Aichukue, akae nyumbani.

Akaichukua akakaa nyumbani. Mwezi mzima mlango umefungwa. Huo mlango nilikuwa nikiuona kutoka barazani.

Na kila asubuhi nyingine, akiteremka, alinisalimu. "Fundi, nabad?" Amani? Nami hujibu, nabad. Ile ile kama kabla, haikuongezwa wala kupunguzwa. Miaka miwili! Mimi nikaipima salamu ile kila siku kama yeye alivyopima maji. Leo ilikuwa nzito? Leo alisimama kidogo? Anajua. Hajui. Sajini kamwambia. Sajini hakumwambia. Nililala na hilo nikaamka nalo. Nikaanza kumshuku kwa mara ya pili, zaidi ya ile ya kwanza: kwamba ananingojea. Nilihamisha cherehani ikatazama ukuta, nikasema ni kwa ajili ya mwanga.

Vita vikaisha kwa makubaliano ya wakubwa, na pasi zikaanza kutolewa tena, taratibu. Asubuhi moja baada ya masika nikasikia kitu kizito kimewekwa nyuma yangu. Nikageuka. Ni yeye, na mzigo wake wote umefungwa, na juu yake lile turubai la kijani, limepasuka upande mmoja kutoka kati hadi pindo. Sijui alilipataje tena. Akasema msafara unaondoka adhuhuri, nimshonee.

Nikashona. Alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, mbele yangu, akatazama sindano. Habo alikuwa amekwenda sokoni kwa maziwa, tulikuwa wawili. Nilipofika kwenye mfuko wa nne, ule uliokatwa na bayoneti, nikavuta uzi ukakatika. Nikaweka kazi chini.

Nikasema, "Karani, aliyesema kwa sajini ni mimi."

"Najua," akasema. "Kule ndani walinisomea. Mifuko minane, mpira wa kuvukia mto. Habo nilimwambia mifuko, idadi yake sikumwambia."

"Sikulazimishwa."

"Hilo nalo niliambiwa."

Nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa mawe, kwa ukoo wake kuja mlangoni. Yeye aliinama akaokota uzi uliokatika, akauzungusha kwenye kidole kisichokunjika.

"Nina swali moja, fundi, nimekaa nalo miaka miwili. Wakati unashona, ulifikiri nitatia nini humo?"

Ningeweza kusema sikufikiri. "Risasi," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeona maji yamefika namba aliyoitazamia.

"Na ukashona," akasema. "Mshono mara mbili."

Kama ningekuwa mtu wa serikali ningekataa. Kama ningekuwa mtu wa msituni ningenyamaza. Mimi nilishona kwanza, kisha nikasema.

Nikamaliza ule mpasuko. Alivuta mshono kwa mkono mzuri, akaridhika, akakunja. Akafunga turubai juu ya mkeka, akafunga kiti, akaning'iniza chupa ya chai begani. Nikainuka nimsaidie kubeba hadi kwenye malori. Akasema, "Kaa, fundi. Vyangu nabeba mwenyewe." Hakusema kwa hasira.

Akateremka barazani, akakunja kona ya duka la nafaka, ule mwendo wake wa kuogopa kumwaga. Msafara uliondoka adhuhuri kama alivyosema. Mwezi ukaisha hajarudi, mwingine ukafuata, ofisi ikaandika barua tatu, na mwisho wakamtafuta mtu mwingine wa kusoma ile nguzo.